Chuma cha Muungano, sukari ya Zanzibar

Ami yangu ana mgeni kwenye paja la kushoto. Ndivyo anavyokiita kipande cha chuma alichorudi nacho kutoka Uganda mwaka 1979. Kipupwe kikiingia, asubuhi utamkuta barazani kanyoosha mguu anajikanda kwa mafuta ya karafuu. Ukimwamkia atakuitikia marahaba, kisha ataongeza: "Mgeni wangu jana hakulala." Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu ana zaidi ya miaka arobaini na jembe hajalishika. Kazi yake kula, kulala, na akiamka vibaya anataka apelekwe hospitali, na hospitali anayoitaka, ya jeshi, iko ng'ambo ya bahari, kule Unguja.

Mpelekaji ni mimi. Wanawe wa kiume mmoja yuko Muscat na mwengine Dar es Salaam, wa kike wana watoto wachanga, basi zamu imeniangukia mimi mtoto wa kaka yake, mwalimu wa skuli hapa Chake Chake. Mwalimu mkuu wangu keshachoka kulisikia neno "ami" kwenye barua za ruhusa. Kwa miaka mitatu tumekwenda mara saba. Haya nayaandika baada ya hiyo ya saba, magoti bado yananiuma kwa kukaa kwenye benchi.

Ami anaishi kijiji kimoja cha Wilaya ya Micheweni, kaskazini kabisa. Boti tunapandia Mkoani, kusini kabisa. Pemba si kisiwa kirefu, kama kilomita 67 hivi toka ncha hadi ncha, lakini sisi tunakikata karibu chote kabla hatujatia mguu majini. Ili kupunguza mwendo, ami huja siku moja kabla akalala kwangu. Anateremka kwenye gari ya abiria na begi moja la kitambaa lililoiva kwa jua, ndani mna kanzu, msala, chupa ya chai, dawa zake za presha na sukari, na kitambulisho chake cha jeshi alichokifunga kwa nailoni tabaka tatu kama mtu anayepeleka dhahabu kwa sonara. Usiku halali. Saa nane nasikia maji ya udhu, saa tisa keshavaa viatu, saa kumi ananigongea: "Boti haimngoji mtu, mwanangu."

Sasa sikilizeni kichekesho. Mkoani ipo Hospitali ya Abdalla Mzee. Ilijengwa upya kwa msaada wa China, ikafunguliwa mwaka 2016, na madaktari wa Kichina wapo humo. Timu zao zinakuja Zanzibar tangu mwaka 1964, wazee wengi wa hapa wameshonwa na Mchina na wanamsifu kwa mkono mwepesi. Ina eksirei, ina vyumba vya upasuaji, ina vitanda. Sisi tunafika Mkoani alfajiri na mtu wetu anayechechemea, hospitali tunaiacha, tunateremka bandarini. Tunaipita hospitali kwenda kupanda boti ya kwenda hospitali. Safari ya kwanza nilicheka. Ya nne nilimuuliza ami kwa nini tusiingie hapa hapa. Akanitazama kama nimemwambia atoroke kambini. "Hapa hawanijui," akasema. "Faili langu liko kule."

Hilo faili nitalirudia. Kwanza bahari.

Mtu wa bara ukimwambia Unguja na Pemba ni karibu, atatazama ramani akubaliane nawe. Hizo kilomita 50 za maji kwenye ramani ni upana wa kidole. Ramani haioneshi mkondo wa Nungwi siku ya kusi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama huko ikija kwetu Pemba, na hakuna kijiji hapa kisichokuwa na nyumba iliyosoma hitima siku zile. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai, ikazama MV Skagit. Boti za siku hizi ni nyengine kabisa, zina kiyoyozi na televisheni, lakini ami bado anachagua kiti cha chini karibu na mlango, tasbihi mkononi, na hasemi neno mpaka auone mnara wa taa wa Nungwi. Siku moja abiria mwenzetu, kijana, akamtania: mzee umepigana vita unaogopa mawimbi? Ami akamjibu taratibu kwamba vitani mtu unapewa pa kukimbilia.

Yeye alikuwa Lukaya. Wanaoijua Vita ya Kagera wanajua maana yake. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera Oktoba 1978, Mwalimu Nyerere akahutubia taifa kuhusu nia, sababu na uwezo, na jeshi likaongezwa kwa kuwaita wanamgambo, polisi, magereza na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa. Machi 1979, kwenye kinamasi cha Lukaya kando ya barabara ya Kampala, wakakutana na kikosi kilichokuwa na Walibya na makombora ya Katyusha. Ami anasimulia sauti tu. Anasema lilikuwa kama bati kubwa linachanwa juu ya kichwa chako. Sikio la kulia lilibaki huko huko, la kushoto linafanya kazi likipenda, na pajani akaingia mgeni. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili, yeye alikuwa kitandani anaisikiliza kwenye redio ya muuguzi, kwa hilo sikio moja.

Hospitali yenyewe sitaitaja. Si kwamba naogopa. Waliomo wengi ni watu wema wanaofanya kazi iliyozidi mikono yao, na habari hii ingeweza kutokea popote. Niseme tu iko mjini Unguja, ina ukumbi mrefu wenye mabenchi ya mbao, na dirisha la mapokezi liko chini mno hata mtu mwenye mgongo mbovu lazima ainame mfano wa anayeomba msamaha.

Safari ya sita alipelekwa kupimwa kwa MRI, maana uti wa mgongo ulikuwa umeanza kumsumbua. Kijana wa kipimo alikuwa na karatasi ya maswali, anasoma haraka haraka, mdomo umefichwa na barakoa. Una betri ya moyo? Hana. Umewahi kupasuliwa kichwa? Hajawahi. "Una chuma mwilini?"

Ami akanyoosha shingo, akaleta lile sikio la kushoto. "Homa? Sina, mwanangu, alhamdulillahi. Tangu Ramadhani sijapata homa."

Kijana akatia alama kwenye karatasi.

Nilikuwa mlangoni nimeshika viatu. Sikumbuki nilisema nini, lakini mlinzi alikuja. Asiyejua aelewe kwamba mashine ile ni sumaku moja kubwa, na kipande cha chuma kilichokaa mwilini karibu na mshipa mkubwa wa damu kinaweza kusogea au kupata moto. Ndiyo maana wanauliza, na ndiyo maana mtu wa vita hupigwa eksirei kwanza. Kijana wa watu alitetemeka kuliko mimi. Akauliza: kwani haikuandikwa kwenye faili? Imeandikwa, ukurasa wa kwanza, kwa wino wa buluu, nimeiona kwa macho yangu safari ya pili. Ila siku ile faili halikuonekana. Walilitafuta tangu saa mbili asubuhi. Tulivuka bahari kwa sababu faili liko kule, na kule faili halipo.

Tulilala Unguja siku mbili kulingoja. Sisi tuna jamaa Jang'ombe, tulikula wali na samaki wa kupaka tukatandikiwa. Asiye na jamaa? Nimewaona wanaokoga msikitini na kulala kwenye mabenchi yale yale ya hospitali. Kwa hesabu tu: pencheni jamii ya Zanzibar, ile anayopewa kila mzee aliyefika miaka 70, ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Nauli ya ami na mimi, kwenda na kurudi, inakula zaidi ya mwezi mmoja wa pencheni hiyo, na hatujanunua hata andazi. Safari ya tano iliangukia msimu wa karafuu. Tuliporudi, zilizokuwa majamvini zimenyeshewa, zimevunda. Hasara ile hakuna anayeiandika kwenye gharama za matibabu.

Nimejiuliza sana jambo hili limekaaje hata likawa hivi, na jibu nililolipata limo kwenye Katiba. Ulinzi ni jambo la Muungano. Afya si jambo la Muungano. Zanzibar ina wizara yake, hospitali zake, dawa zake, na tangu mwaka 2023 ina na mfuko wake wa huduma za afya, ulioanza na watumishi wa serikali. Huo mgawanyo wenyewe sina ugomvi nao. Lakini mwili wa ami haukugawanywa. Nilipomweleza alifikiri kidogo, akagonga paja, akagonga na tumbo. "Kwa hiyo chuma ni cha Muungano, sukari ni ya Zanzibar." Ndivyo hasa. Sukari yake anapimwa kituo cha afya cha kijijini na muuguzi anayemjua mpaka wajukuu. Chuma hakiulizwi hapo. Upande wa pili wanauliza chuma na hawajui kwamba dawa ya sukari imebadilishwa. Kati ya majalada mawili anapita mzee mmoja na begi lake, na yeye ndiye tarishi.

Jirani yake, mzee mwengine wa vita ile ile, alikwenda kama mgambo. Vita vilipokwisha alirudi kuvua, kitambulisho hana, faili hana. Akiugua anakwenda kwa miguu kituo cha afya, anatibiwa, saa nne yuko kwake anatengeneza nyavu. Mara nyengine namwona ndiye mwenye bahati. Halafu nakumbuka kwamba katika miaka yote hii hakuna mtu wa afya aliyewahi kumuuliza kwa nini mikono yake inatetemeka ngurumo zikipiga.

Katika zile siku mbili za kungoja faili nilikaa na simu nikisoma wenzetu wanafanyaje, nikaangukia habari za Marekani. Wana hospitali nyingi za askari wastaafu, kuliko sisi kwa mbali, na bado mwaka 2014 iliibuka kashfa huko Phoenix, Arizona: wazee wa vita walikuwa wakingojea miezi na majina yao yamewekwa kwenye orodha za siri ili takwimu zipendeze. Agosti mwaka huo Rais Obama akatia saini sheria ya kumruhusu mstaafu atibiwe hospitali ya karibu na kwake, ya raia, na serikali ilipe, ikiwa anaishi zaidi ya maili 40 kutoka kituo cha wastaafu, yaani kilomita kama 64, au akiambiwa angoje zaidi ya siku 30.

Nilifurahi, kisha nikasoma chini. Zile maili 40 mwanzoni walizipima kwa mstari ulionyooka, kama kunguru arukavyo. Mzee akizungukwa na mlima au ziwa, shauri lake. Tena ilitosha kuwapo zahanati yoyote ya wastaafu ndani ya umbali huo, hata kama huduma unayoitaka haina: unataka kupasuliwa goti, wanakuhesabu uko karibu kwa sababu jirani yako pana mahali pa kupimwa presha. Kelele zikapigwa, mwaka 2015 wakaanza kupima kwa barabara. Mwaka 2018 ikaja sheria nyengine, ikaanza kazi Juni 2019, na humo kipimo kikawa muda: dakika 30 za kuendesha gari kwa matibabu ya kawaida, dakika 60 kwa bingwa. Matatizo hayakwisha. Hospitali za raia zilicheleweshewa malipo, na wako wazee waliofuatwa na wadai kwa bili ambazo serikali ndiyo iliyopaswa kuzilipa. Wapo pia waliosema, na hoja yao si ya kupuuzwa, kwamba fedha ikimwagwa nje hospitali za wastaafu zenyewe zitakauka.

Lakini kuna kifungu kimoja kidogo kwenye ile sheria ya 2014 nilichokisoma mara tatu. Kinasema mstaafu anayeishi ndani ya zile maili 40, lakini ili afike lazima apande ndege, mashua au kivuko, naye anastahili. Mtu fulani, kwenye nchi yenye barabara kuliko nchi zote, alikaa akafikiria mzee wa kisiwani. Nilimsomea ami kwa Kiswahili, kwenye sikio la kushoto. Akaniambia nimsomee tena hapo pa mashua.

Wastaafu wenzake wengi ukiwauliza wanataka nini, watakwambia tujengewe hospitali ya jeshi Pemba. Nawaheshimu lakini sikubaliani nao. Sisi tunapenda majengo. Jengo linakatiwa utepe, linapigwa picha, halafu linakaa na mashine iliyofunikwa shuka kwa kukosa mtu wa kuiendesha. Majengo tunayo: Mkoani, Chake Chake, Wete, Micheweni, Vitongoji. Kinachokosekana ni makubaliano baina ya upande wenye chuma na upande wenye sukari, kwamba mzee huyu akiingia Abdalla Mzee au Wete atibiwe kama angetibiwa kule, na hesabu wamalizane wao kwa wao bila kumshirikisha yeye. Bingwa wa mifupa au wa masikio akivuka yeye mara moja kila baada ya miezi michache, na wazee wakapangiwa siku moja Chake Chake, ni nauli ya mtu mmoja badala ya nauli za watu 40 na wasindikizaji wao. Na faili litolewe nakala. Nakala tu! Mashine ya fotokopi iko kila kona ya mji, wanafunzi wangu wanatoa nakala za mitihani ya miaka kumi kwa bei ya juisi ya miwa.

Safari ya kupasua kweli, ya lazima, tutakwenda, hata Dar es Salaam, wala sitanung'unika. Lakini katika zile saba nimehesabu: mara mbili alitibiwa, mara moja ilikuwa kipimo kile kilichotaka kumuua, na nne zilizobaki zilikuwa ni kuongezewa dawa au kuandikiwa tarehe nyengine. Tarehe yenyewe inaandikwa na mtu asiyetazama ratiba ya boti.

Mwezi uliopita mguu ulivimba ghafla. Bahari ilikuwa chafu, na mimi nina mitihani ya darasa la mwisho. Kwa mara ya kwanza ami akakubali, kwa shingo upande, twende hospitali moja hapa hapa Pemba. Daktari alikuwa binti mdogo, nahisi hakuwa amezaliwa hata mwaka 1990. Akavuta kiti akakaa upande wa kushoto bila kuambiwa. Alikuwa ameona jinsi mzee anavyogeuza kichwa. Akauliza kwa sauti, mdomo wazi: "Babu, nini hiki hapa?" Ami akamwambia ni mgeni. Binti akacheka, akataka kujua amefika lini.

Ilipigwa eksirei. Kwenye picha mgeni alionekana mweupe, mdogo kuliko nilivyomfikiria, wa kulingana na punje ya mahindi. Daktari akaipiga kwa simu akamtumia bingwa anayemjua Unguja, wakaongea dakika chache. Mgeni hakusogea, uvimbe ulikuwa wa kidonda cha unyayo kilichoingia uchafu, na kwa mtu wa sukari hicho ndicho cha kuogopwa. Kilisafishwa, kikafungwa, akapewa dawa za siku saba. Muuguzi akatupa nakala ya kila karatasi, akaitia kwenye bahasha ya kaki. Kabla ya adhuhuri tulikuwa mgahawani Chake tunakunywa chai na chapati.

Nilidhani atafurahi. Alikuwa anaizungusha bahasha juu ya meza, anasoma jina lake lililoandikwa kwa kalamu nzito.

"Kwa hiyo kule basi tena?" akauliza.

"Inshallah tukikaza, ami. Utatibiwa hapa hapa."

Akanyamaza, akachovya chapati. Nikakumbuka lile benchi la mbao. Pale hukaa wazee kutoka Makunduchi, Donge, Nungwi, na hawa wetu wa Pemba, mmoja hana vidole viwili, mmoja anatembea na redio ndogo isiyozimwa. Wakikutana wanaitana kwa vyeo vya mwaka 1979. Wanabishana daraja la Kyaka lilivunjwa siku gani. Kuna siku niliwaacha kwenda kununua maji, niliporudi wote wanne walikuwa kimya wanatazama sakafu, na ami alikuwa amemshika mkono yule wa redio. Nilikaa mbali mpaka walipoanza tena kutaniana. Nyumbani hajawahi kuyasema hayo waliyokuwa wakiyasema, si kwangu wala kwa mkewe.

"Na wale wenzangu," ami akasema, "nitawaona wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikamwagizia chai nyengine, bila sukari.